Kuhesabu na kuvisha pete ndege wa msituni Usambara Mashariki: kama unaenda fildi msimu huu soma hii kwanza

Kila kipupwe kikikaribia nakutana na vijana wa chuo wanaotaka kwenda msitu wa hifadhi wa Amani, Usambara Mashariki, kwenye kazi ya ndege, na swali la kwanza karibu siku zote ni "hivi yule wa mdomo mrefu nitamwona kweli?" Wanamaanisha Artisornis moreaui, kandege ka kijivu kenye kichwa cha kahawia nyekundu, kanajificha kwenye mimea inayotambaa pembezoni mwa msitu, sayansi ilikapa jina 1931 na mpaka leo watu wanasafiri toka Ulaya kuja kukasikiliza tu. Ukikaona hongera, piga picha watumie nyumbani. Ila kazi ya ufuatiliaji siyo hiyo. Kazi ni kumhesabu ndege wa kawaida kama shore ambaye hakuna mtalii anayemjali, palepale, saa ileile, kwa njia ileile, mwaka huu na mwakani na mwaka kesho kutwa, mpaka namba zenyewe zianze kuongea.

Mtafiti William Newmark na wenzake walianza kuweka neti za kunasia ndege Usambara 1987 na hawakuacha, ndio maana leo watu wanajua kwamba vipande vidogo vya msitu vilivyobaki katikati ya chai na mashamba vinaendelea kupoteza ndege wa chini ya miti miaka mingi baada ya msitu kukatwa. Kwa msimu mmoja huwezi kuliona hilo hata uwe na macho ya mwewe. Kwahiyo kila hatua hapa chini inajibu swali moja tu: je mwenzako wa mwakani ataweza kuirudia vilevile?

Hatua ya 1: Vibali, kijiji, watu wa kazi

Anza vibali miezi kadhaa kabla, usidanganywe kwamba mtamalizana hukohuko. Utafiti wa wanyamapori unapita COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori), na Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani iko chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), kwahiyo ukifika geti la Zigi uwe na karatasi zako zote na kopi zake na kopi ya kopi. Hakikisha kibali kinataja wazi kukamata na kuvisha pete (ile pete ndogo ya mguuni yenye namba). Na kama hujawahi kufundishwa kwa vitendo na mtu mwenye uzoefu, neti usiiguse, hesabu kwa macho na masikio (hatua ya 4) inakutosha kabisa na ina heshima yake.

Halafu kijiji. Nenda ofisini, toa shikamoo, saini kitabu cha wageni, eleza. Hapa usiwe na haraka maana mtu akionekana na nyavu msituni habari inayotangulia kufika kijijini ni kwamba kuna mwindaji, na hiyo habari ikishatembea kuirudisha ni kazi. Waambie na wenye iliki pia, wale wanapita njia za msituni alfajiri bado giza, mtu akijikwaa kwenye kamba ya neti yako atakuwa na haki ya kukasirika na neti yenyewe ndo imekwisha.

Watu wa kazi ajiri wa palepale. Amani kuna wazee na vijana waliokulia kwenye hii kazi, wamefanya na watafiti wa kila aina, anasikia mlio mmoja huku anafunga kamba ya buti anakwambia ni nani, yuko mti gani, na jana hakuwepo. Majina ya Kisambaa wanayo, yaandike pembeni ya jina la kisayansi, yatakusaidia siku mnapobishana. Patana kabla: malipo ya siku ni kiasi gani, chakula cha nani, siku ya mvua inalipwa au vipi. (Mi nasema inalipwa, mvua hakuileta yeye.)

Hatua ya 2: Chagua msimu, ukishachagua shika huohuo

Amani mvua inakaribia milimita 2,000 kwa mwaka, masika Machi mpaka Mei, vuli Oktoba mpaka Desemba, na hata miezi ya katikati usije bila koti. Watu wengi wanapendelea kuweka neti kuanzia Julai mpaka Septemba kwa sababu pamekauka kidogo, lakini jua kwamba ukichagua mwezi umechagua na ndege. Juni mpaka Agosti kule juu kukipoa kuna ndege wanashuka, mfano Pogonocichla stellata, yule mwenye alama nyeupe kifuani na mbele ya macho, kwahiyo ukienda Julai misitu ya chini unakutana na wageni ambao Januari hutawaona. Kinyume chake Oktoba mpaka Aprili wapo wanaotoka Ulaya na Asia. Vuli ikianza wengi wanajenga viota na kuimba sana, unawasikia kila mahali, basi mtu aliyehesabu Novemba akijilinganisha na wa Julai atasema ndege wameongezeka wakati kilichoongezeka ni kelele.

Kama mwaka jana mlienda wiki mbili za mwisho za Julai, mwaka huu nendeni hizohizo. Gari likiharibika mkachelewa wiki tatu, andikeni kwenye ripoti. Msifiche.

Hatua ya 3: Vya kubeba

Vya utafiti vinajulikana, nataja vile vinavyosahaulika. Penseli nyingi, kalamu ya wino ikikutana na unyevu wa Amani ukurasa wote unageuka wingu la bluu. Mifuko ya kitambaa cha pamba ya kuwekea ndege, shona mingi kuliko unavyodhani, na mshono uwe kwa nje ili nyuzi zisimfunge kucha. Kopo lenye mfuniko la kuwekea simu na betri. Tochi ya kichwani, siyo ya mkononi, mikono yote utaihitaji.

Kwa mwili wako: gambuti, suruali ndefu, soksi juu ya suruali sababu ya kupe, mikono mirefu sababu ya upupu. Ukigusa upupu ndo utaelewa kwanini wazee wanatembea wanaangalia juu na chini kwa pamoja. Nyoka wapo, Bitis gabonica analala juu ya majani makavu na rangi yake ni majani makavu, kwahiyo mkono usiuingize usipopaona na usikae kwenye gogo kabla hujaligonga. Bonde la Zigi na Muheza malaria ipo, chandarua usiache.

Hatua ya 4: Kuhesabu kwa vituo

Hii ndo kazi inayoweza kufanywa na wengi na inaharibiwa na wengi.

Weka vituo kwenye njia, umbali usiopungua mita 200 toka kimoja mpaka kingine ili ndege mmoja usimhesabu mara mbili. Chini ya miti mikubwa GPS inacheza, inaweza kukupeleka mita kumi na zaidi pembeni, kwahiyo usitegemee kijipiesi peke yake, funga kibati chenye namba kwenye mti na uandike maelezo ("mti mkubwa wenye mizizi ya ubao, kushoto kwa kijito"). Mwenzako wa mwakani atakushukuru.

Anza kukipambazuka, maliza kabla ya saa nne asubuhi, baada ya hapo msitu unanyamaza. Ukifika kituoni simama kimya dakika mbili, ndege walioshtuka na miguu yenu watulie, halafu hesabu dakika kumi. Siyo dakika kumi na kidogo kwa sababu kuna kitu kizuri kinakaribia. Kumi. Kila ndege andika: jina, umemwona au umemsikia, umbali kwa makundi (mita 0 hadi 25, 25 hadi 50, zaidi ya 50). Aliyepita juu akiruka muweke kwenye safu yake, hondohondo kwa mfano utawasikia mabawa yao yanavyovuma juu ya miti kabla hujawaona, lakini kama hajatua hapo usimchanganye na wa hapo. Na hondohondo msiwadharau kwa kuwa ni wengi, ndio wanaosambaza mbegu za Maesopsis, ule mti wa kigeni uliovamia Usambara Mashariki, kwahiyo namba zao zinaeleza mambo ya msitu pia.

Msituni kazi kubwa inafanywa na masikio. Jifunze sauti kabla ya kwenda, kwenye tovuti ya sauti za ndege ya xeno-canto kuna rekodi nyingi za bure, anza na shore maana wako wa aina kadhaa, wote kijani-kijani, wote wamejificha, na ukimsubiri umwone ndo umwandike utaondoka na karatasi tupu. Halafu kuna Cossypha natalensis ambaye anaiga sauti za wenzake vizuri mpaka unamwandikia ndege watano kumbe ni yeye tu amekaa kichakani. Dawa yake subiri, huwa hakai kwenye wimbo mmoja, anarukaruka toka mlio huu kwenda ule.

Usiyemjua andika "sijamtambua", rekodi kwa simu, endelea. Kukisia ni vibaya kuliko kuacha. Na usichezee ndege sauti kwa spika wakati wa kuhesabu, unawavuta toka mbali wanaingia kwenye duara lako ambalo hawakuwemo, mbali na usumbufu wenyewe hasa wakati wa viota.

Siku ya pili pita vituo kwa kurudi nyuma, cha mwisho kiwe cha kwanza, la sivyo kituo namba 1 kitaonekana tajiri milele kwa sababu tu ndicho kinachopata alfajiri. Mvua ikianza acha, siyo umalizie haraka haraka.

Hatua ya 5: Neti

Neti ya kawaida ni mita 12 kwa urefu na kama mita mbili na nusu kwenda juu, ina kamba zinazoigawa matabaka, na kila tabaka linaning'inia mfuko. Ndege anagonga, anadondokea mfukoni, anakaa. Kosa la kawaida ni kuikaza, neti iliyokazwa kama ngoma ndege anadunda anaondoka, au anajinasa vibaya. Kamba zikazwe, wavu ulegee.

Zifunge jana yake mchana kwenye njia iliyosafishwa kidogo tu, usikate miti, fyeka vinavyogusa wavu basi. Tabaka la chini liwe juu ya ardhi vya kutosha ili ndege mzito akining'inia asiguse majani yenye unyevu. Ziache zimekunjwa na kufungwa kwa vitambaa usiku kucha, ukisahau utakuta popo, na popo akishatafuna neti yako hurudishiwi hela.

Fungua kukianza kupambazuka. Kisha zunguka. Kila dakika 20 mpaka 30, neti zote, bila kuruka hata moja hata kama chai iko jikoni. Jua likipiga neti moja kwa moja au manyunyu yakianza, punguza ziwe kumi. Mvua ikikaza funga zote, ndege aliyelowa anapoteza joto na anaweza kufa mkononi mwako ndani ya muda mfupi sana. Funga saa nne au saa tano asubuhi, mradi iwe ileile kila siku.

Siafu sasa. Hawa ndo adui namba moja, kuliko mvua kuliko nyoka. Msafara wa siafu ukikuta ndege kwenye tabaka la chini wanapanda, na usipowahi hutakuta ndege. Kabla ya kufungua neti mmulike njia yote chini kwa tochi. Mkiona msafara unakaribia neti fulani, ifungeni, ileile tu, na muandike saa mliyoifunga. Lakini hapohapo kuna kitu cha kuangalia: siafu wakitembea wadudu wote wanakimbia, na kuna ndege wanaofuata siafu kwa ajili hiyo, Chamaetylas fuelleborni mwenye kifua cheupe na Neocossyphus rufus mwekundu-mwekundu wako mbele kabisa. Kwahiyo ukipata hao wengi kwa asubuhi moja kwenye neti mbili za jirani, usikimbilie kusema wameongezeka, andika kwenye maelezo "siafu karibu", maana kesho siafu wakihama na wao wanahama.

Hatua ya 6: Kumtoa ndege

Hii haifundishiki kwa maandishi, nasema tu ya kukumbuka. Kwanza tafuta aliingilia upande upi, atatokea hukohuko. Miguu kwanza, kisha tumbo na bawa, kichwa mwisho. Shingo yake ikae katikati ya kidole cha shahada na cha kati, mgongo kwenye kiganja, vidole vingine vimfunike bila kumbana. Kifua usikibane kamwe, ndege hana kiwambo (msuli wa kupumulia) kama chetu, anapumua kwa kifua kupanda na kushuka, ukikishika sana umemziba pumzi huku unadhani umemtuliza. Angalia ulimi, kwa ndege wengine unanasa kwenye uzi, utoe kwa kijiti chembamba taratibu. Ukikwama dakika moja mbili ita mwenye uzoefu, na ikishindikana kata uzi. Neti inashonwa.

Ndege mmoja mfuko mmoja. Ning'iniza mifuko kivulini kwa mpangilio wa neti, usiilaze chini.

Hatua ya 7: Mezani

Ndege wadogo kama chozi na mdiria wanatangulia, hawana akiba ya nguvu. Chozi aliyelegea mpe tone la maji ya sukari kwenye mdomo, ataingiza ulimi mwenyewe. Jike mwenye upara wa kuatamia tumboni naye haraka, ana mayai au makinda yanapoa huko.

Mpangilio wangu ni huu: jina, pete, umri, bawa, uzito, mengine. Pete kwanza kwa sababu akikuponyoka baada ya hapo bado umepata kitu. Pete ya saizi yake kwa koleo lake, ifungwe isiwe na mwanya, izunguke na kupanda kushuka kwa uhuru. Namba isomwe tarakimu moja moja, anayeandika airudie kwa sauti, halafu mtu wa pili aisome tena mguuni. Inachosha. Lakini aliyekuwa na pete tayari ndiye mali, ana thamani kuliko wapya kumi, kwa sababu ndiye anayekuambia ndege hapa wanaishi miaka mingapi na wangapi wanarudi, na tarakimu moja ikikosewa huyo amepotea au mbaya zaidi amegeuka ndege mwingine.

Umri angalia manyoya madogo juu ya bawa, wachanga wengi wana vidoa vya rangi ya mchanga kwenye ncha. Bawa kwa rula yenye kizuizi, kwa milimita. Uzito kwa gramu na nukta moja, na mzani upimwe kila asubuhi kwa kitu unachojua uzito wake. Pulizia kifuani uone mafuta kwenye kishimo cha chini ya shingo, angalia kama anabadilisha manyoya ya bawa. Picha moja ya haraka kama kuna shaka, siyo selfi. Akianza kufumba macho au kupanua manyoya, acha vyote, muweke kwenye tawi la karibu lenye kivuli, andika "aliachiwa bila vipimo".

Saa andika kwa mfumo wa saa 24: 06:40. Hili nasisitiza, kwenye fomu moja unakuta Mtanzania ameandika 12:40 akimaanisha alfajiri, mwenzake ameandika 6:40, na anayechambua data yuko ofisini Morogoro hajui nani ni nani.

Hatua ya 8: Jioni, kabla ya ugali

Piga picha fomu zote. Ingiza kwenye Eksel usiku huohuo wakati mnakumbuka, mmoja anasoma mwingine anachapa. Siku au neti ambayo haikupata kitu iandikwe sifuri, isiachwe wazi, maana wazi inaweza kuwa hamkufungua.

Na juhudi. Bila juhudi idadi haina maana. Chukua urefu wa neti zote zidisha kwa saa zilizokuwa wazi. Tuseme mwaka jana neti 10 za mita 12 kwa saa 5, hiyo ni mita-saa 600, mkapata ndege 34. Mwaka huu mvua, mkafungua kwa muda wa saa tatu na nusu tu, mita-saa 420, mkapata 28. Mtu anaona 34 na 28 anasema wamepungua. Gawanya: mwaka jana ndege 5.7 kwa kila mita-saa 100, mwaka huu 6.7. Kumbe. Ile neti mliyoifunga sababu ya siafu nayo itoe kwenye hesabu, ndo maana nilisema andikeni saa.

Kingine, ndege wanajifunza. Siku ya kwanza wengi, ya pili wanapungua, ya tatu wanaikwepa neti wakiiona. Kwahiyo eneo likipewa siku tatu kila eneo lipewe siku tatu, na msiongeze ya nne kwa eneo moja eti kwa sababu palikuwa pazuri.

Hatua ya 9: Kufunga kampu

Rudisha njia kama ulivyoikuta, toa vitambaa na kamba zote, mashimo ya nguzo fukia. Vibati vya vituo viache. Kama mlikuta kiota cha bundi au mahali anapoimba yule wa mdomo mrefu, sehemu kamili iende kwenye data na kwa ofisi ya hifadhi, isiende Instagramu. Lipa watu kabla ya kupanda gari, siyo "nitatuma kwa simu". Kijijini acha karatasi moja ya Kiswahili, ndege wangapi, aina gani, nani kutoka kijijini alifanya kazi, na ikibandikwa ofisini mwakani hamtaanza maelezo upya.

Neti osha kwa maji matupu, anika kivulini, toa majani moja moja (hii ni kazi ya mchana mzima na redio), shona matundu, kunja, kisha kwenye ndoo ya mfuniko. Andika kwenye ndoo neti ipi ina tundu ambalo hamkumaliza kushona. Panya wa stoo hawana adabu, ndoo isiwe na ufa.